Nukuu za wanafikra: nizitumieje badala ya kuzikusanya tu?

Mdadisi: Wakuu, daftari langu limejaa maneno ya wanafalsafa wa kale, Seneca, Epictetus na wengine, lakini kwenye maamuzi ya kila siku siyakumbuki. Nifanyeje?

Kalamu Nyeusi: Nyingi hazisaidii kwa sababu zimeng'olewa mahali pake. Soma aya iliyotangulia na inayofuata, kisha andika nani anasema na anamwambia nani. Ule ushauri wa kuwa mkweli kwa nafsi yako hutajwa kama wosia wa Shakespeare, kumbe msemaji ni Polonius, mhusika katika tamthilia yake ya Hamlet, baba anayetuma mtu kumpeleleza mwanawe huyo huyo aliyemuusia! Uzito wake unabadilika kabisa.

Bi Maarifa: Naongezea: nukuu moja kwa wiki inatosha. Chini yake andika sentensi moja, "Nikikutana na hali fulani, nitafanya hivi." Epictetus alitenganisha yaliyo katika uwezo wetu na yasiyokuwamo. Basi kabla ya usaili wa kazi gawa ukurasa mara mbili: maandalizi na kuwahi upande huu, uamuzi wa wasaili upande ule. Hangaika na upande wa kwanza tu.

Kalamu Nyeusi: Epictetus mwenyewe hakuacha maandishi, mafundisho yake yaliandikwa na mwanafunzi wake, Arrian. Nukuu isiyotaja kitabu na sura iweke kando kwanza. Einstein hubambikiwa mengi mno.

Mdadisi: Na wiki ikiisha bila kupata pa kuitumia?

Bi Maarifa: Iwekee tarehe, uirudie baada ya miezi 3. Huenda hali inayoihitaji bado haijakufika.