Mteja anasema hajambo, lakini mikono yake haitulii

Mwanagenzi:
Ndugu wanajukwaa, ninasomea unasihi na sasa niko katika mafunzo kwa vitendo. Mama mmoja wa makamo huja kila wiki, na nikimwuliza hali hujibu "sijambo, namshukuru Mungu," huku akisokota pindo la khanga yake na kutazama sakafuni hadi muda wetu unapokwisha. Darasani tulifundishwa kumkabili mteja na kumtazama machoni, tena tukaambiwa kwamba asilimia 93 ya mawasiliano si maneno. Je, niiamini mikono yake kuliko kauli yake?

Bibi Nasaha:
Mwanangu, hiyo asilimia 93 imewapotosha wengi. Inatokana na majaribio ya mwanasaikolojia Albert Mehrabian ya mwaka 1967 nchini Marekani, yaliyopima jinsi msikilizaji anavyokadiria hisia za msemaji pale neno moja linapopingana na sauti au uso. Hayakuhusu mazungumzo yote. Shukrani anazozitoa mama huyo zina uzito wake. Kuhusu macho, wengi wetu tumelelewa tukijua kwamba kumkodolea mtu macho ni utovu wa adabu, kwa hiyo kutazama chini huenda ni heshima tu. Kisogeze kiti chako upande kidogo, msikabiliane. Hata Sigmund Freud, mwasisi wa tiba ya uchanganuzi wa nafsi, alikaa nyuma ya kochi la mgonjwa, na mwaka 1913 aliandika kwamba hakustahimili kutazamwa muda wa saa 8 kwa siku.

Mlezi wa Wanasihi:
Kuhusu macho naafiki, ila mikono isipuuzwe. Mwaka 1966 watafiti Haggard na Isaacs walieleza jinsi walivyozirudisha polepole filamu za vipindi vya tiba ya kisaikolojia wakaona mabadiliko ya uso yanayopita upesi mno. Watafiti wa ishara za uso Paul Ekman na Wallace Friesen nao walichunguza filamu ya mgonjwa wa sonona aliyedai amepata nafuu na kuomba ruhusa ya kwenda nyumbani, kumbe alikusudia kujiua: alipoulizwa kuhusu mipango yake, uso ulionyesha kukata tamaa kwa kitambo kidogo sana, kisha tabasamu likaufunika.

Hiyo haimaanishi kwamba pindo la khanga lina tafsiri yake maalumu. Angalia mikono huanza lini na hutulia lini, kisha umrudishie mwenyewe ulichokiona: "Mama, naona tukifika hapa unalishika pindo; kuna jambo?" Akikataa, mwachie. Lakini swali la kama amewahi kufikiria kujidhuru mwulize waziwazi, kwa upole, na umwarifu msimamizi wako wiki hii hii.

Mwanagenzi:
Nashukuruni sana. Nimerejea maandishi yangu: pindo husokotwa anapotajwa mwanawe wa kwanza, na akizungumzia biashara yake ya vitumbua mikono hutulia, tena hucheka. Msimamizi nimekwisha kumpigia simu. Alhamisi nitakisogeza kiti, nitamwuliza habari za vitumbua kwanza, kisha lile swali gumu nitalitamka.