Kushusha Altezza kwa bajeti ndogo, nikate springi au nitafute za mtumba?

kijana_wa_goba

Wakuu habari za mchana, samahani kama hii mada ilishapita ila nimetafuta sijaona jibu la kueleweka. Nina Toyota Altezza RS200, ile ya injini ya 3S, injini na giaboksi havina shida ila imesimama juu mpaka ngumi inaingia kati ya tairi na madigadi na nafasi inabaki. Nataka ishuke kidogo tu, siyo ile ya kukwaruza lami, vidole viwili hivi vinatosha. Bajeti ni laki nne, nikijikaza inafika tano.

Fundi wa mtaani kasema ananikatia springi duara moja na nusu kila tairi kwa elfu themanini na anamaliza siku hiyo hiyo. Mwingine kasema hakuna haja ya kufungua kitu, anapiga gesi springi ikiwa kwenye gari hapo hapo inakaa yenyewe, elfu arobaini. Nimeenda Gerezani hapa Dar kwenye spea, kuna jamaa ana springi za mtumba za Japani anasema ni za kushushia, rangi ya kijani, maandishi hayasomeki, anataka laki tatu na nusu. Sasa nipo njia panda. Nakaa Goba, kutoka lami mpaka kwangu ni vumbi na makorongo na mvua zikianza mnajua wenyewe. Naombeni ushauri, wa kutukana mnisamehe leo.

boda_mstaafu

Goba na gari ya chini 😂😂 utakuwa unaiacha Tangi Bovu unamalizia na boda kila siku

grainda_tisa

Mkuu huyo wa gesi mkimbie. Springi ni chuma kilichopikwa kiwandani na kupozwa kwa vipimo ili kikibanwa kirudi, sasa ukikipiga moto mpaka kikawa chekundu umekiua pale pale. Leo inakaa vizuri unafurahi, baada ya muda upande mmoja unaendelea kushuka wenyewe na mwingine umegoma, na siku yoyote inakatika hapo hapo palipopigwa moto. Afu anasema anapiga ikiwa kwenye gari, maana yake sili ya shokapu inaungua humo humo na hosi ya breki iko pembeni inachemka. Hiyo elfu arobaini utakuja kuilipa kwa njia nyingine.

Kukata kwa grainda mimi sikatai kama wengine wanavyokataa, nimekata nyingi tu, ila duara moja na nusu kwa Altezza ni nyingi mno. Hii gari mbele na nyuma ni mikono miwili, wa juu na wa chini, na shokapu imekaa ndani kwenye mkono, haiko pale pale kwenye tairi. Kwa hiyo springi ikifupika sentimita moja, madigadi inashuka zaidi ya hiyo sentimita moja. Fundi aliyezoea gari zingine anakata kwa mazoea, anashusha jeki, gari imelala. Hapo huwezi kuirudisha. Anza na nusu duara, funga, zunguka nayo kidogo, pima, ndo uamue kama unaongeza. Diski nyembamba ya kukatia chuma na maji ya kupozea pembeni, springi isipate moto hata huo wa grainda. Na angalia ncha, kama duara la mwisho limejikunja dogo kuliko mengine hilo usiliguse, utakata upande wa pili, na ncha uliyokata lazima ikae kwenye ile ngazi ya kikombe, yaani pale springi inapokalia.

Kingine watu hawakijui, springi ikifupishwa inakuwa ngumu. Tuseme ina duara sita zinazofanya kazi ukatoa moja na nusu zikabaki nne na nusu, ugumu umepanda theluthi nzima. Ugumu kidogo unahitajika kwa sababu nafasi ya kushuka imepungua, lakini shokapu ya kiwandani haikutengenezwa kuishika springi ya namna hiyo, ndo unaona zile gari zinaenda zinadundadunda barabarani dereva kichwa kinaitikia tu.

Na kipimo cha mwisho usikubali kuondoka gereji bila kukifanya: piga jeki tairi lining'inie, shika springi kwa mkono jaribu kuizungusha. Ikizunguka kirahisi au ina mwanya juu, ni fupi kuliko shokapu ikinyooka. Siku unaruka tuta tairi linashuka, springi inatoka kwenye kikombe inarudi imekaa upande, hapo tunakuja kukusoma kwenye magrupu ya ajali.

dada_spana

Naunga mkono @grainda_tisa ila kaka yangu hujaulizwa swali la kwanza. Shokapu zako zikoje? Kama ni zile zile ilizokuja nazo toka Japani hata springi za dhahabu hazitakusaidia. Watu wanatupa hela yote kwenye springi wanaziweka juu ya shokapu iliyochoka, wiki mbili mbele wanalalamika springi mbovu.

Kuhusu zile za kijani, kijani ni rangi ya TEIN kweli, ile kampuni ya springi ya Japani, lakini kopo la rangi ya kijani lipo kila duka la hadwea 😀. Springi ya kampuni inakuwa na namba, kwenye waya wenyewe au kwenye kistika. Kama hakuna namba huwezi kujua ni ya gari gani, na za mbele na za nyuma hazifanani. Mwambie akutolee zote nne uzipange chini kwenye sakafu tambarare, mbili za mbele zilingane urefu na unene, mbili za nyuma hivyo hivyo. Pitisha kucha juu ya rangi, ukikuta kutu imekula mashimo chini yake achana nazo, springi huanzia kukatika kwenye shimo la kutu. Nzuri za kawaida za barabarani zinashusha milimita 25 mpaka 40 hivi, hicho ndo unachokitaka wewe. Kwa hizo zisizo na namba laki tatu na nusu ni bei ya kukuona mgeni, asubuhi nenda na mtu anayejulikana pale.

kijana_wa_goba

Asante dada, kiukweli shokapu ni zile zile na ya mbele kushoto ina unyevu wa mafuta. Kwani haiwezekani kushusha kwa tairi tu? Nina 215/45R17, kuna mtu kaniambia hiyo 45 ya ubavu niivae 40

dada_spana

Inawezekana ila hesabu yake hii, kutoka 45 kwenda 40 kwa upana huo huo tairi zima linapungua kama milimita 21 kwa kipenyo, kwa hiyo gari inashuka nusu yake, milimita 10 na kidogo. Na mwanya wa madigadi ndo unazidi kuonekana mkubwa kwa sababu tairi limekuwa dogo! Spidi mita itakudanganya kwenda juu kidogo, na kwa makorongo yako rimu zitapinda. Usifanye.

mwarabu_wa_subaru

Niko Nairobi hapa nacheka, kwetu watu wanaingiza speisa kupandisha Impreza ndo ipite kwa mtaa, nyinyi mnashusha. Lakini sawa, kila mtu na ugonjwa wake. Mimi Impreza yangu nilishusha na springi za kampuni ya RS-R, used, nikanunua na shokapu mpya pamoja, nikaenda kufanya alaimenti siku hiyo hiyo. Hapo kwa alaimenti watu huruka wakidhani ni ya kuringa. Gari ikishuka tairi zinalala juu kwa ndani, hiyo kulala kidogo sio mbaya sana, kinachomaliza tairi ni zikiangalia nje ama ndani kule mbele, unapata tairi mpya imekula upande wa ndani mpaka waya na nje bado ina kashata zote. Na uwaambie wasiseti mbele pekee, Altezza nyuma pia inarekebishwa, ile boliti huwa imeshika kutu kwa hivyo pitisha mafuta siku moja kabla.

boda_mstaafu

Haya sasa serious kidogo, ekzosi yako iko wapi? Kwenye hizi gari kinachogonga kwanza siyo bampa ni ile silensa ya kati, na sampu ya oili chini ya injini. Kabla ya kukata chochote weka watu wanne ndani, jaza tenki, pita njia yako yote ya Goba mpaka nyumbani. Ikigonga sasa hivi ikiwa juu basi huna mjadala.

grainda_tisa

Nyongeza kwa fundi atakayefunga, maana hili karibu gereji zote wanakosea. Boliti za bushi za mikono zisikazwe gari ikiwa juu ya jeki. Zile bushi mpira umegandishwa na chuma, haizunguki, inajinyonga. Ukikaza tairi likiwa linaning'inia halafu ukashusha gari, mpira unakaa umenyongwa muda wote na unachanika mapema, na gari inakaa juu kidogo kwa uongo, wewe unadhani haijashuka unarudi kukata tena. Kaza kwa mkono tu, shusha chini, itikise mara kadhaa, ndo ukaze mwisho kwa nguvu. Na kile kimpira cha manjano ndani ya shokapu fundi akitaka kukitoa chote ili "ishuke vizuri" mnyang'anye, kikitoka chuma kinagonga chuma ndani ya shokapu. Kupunguzwa kidogo inaruhusiwa, kutolewa hapana.

kijana_wa_goba

Wakuu nimepima jioni hii kwa futi, kutoka katikati ya rimu mpaka ukingo wa madigadi. Nyuma zote sawa. Mbele kulia sentimita 38, mbele kushoto 36 na nusu. Sijagusa kitu. Ni ile shokapu inayovuja?

grainda_tisa

Hapana, shokapu haibebi gari, inazuia kudunda tu. Upande ulioshuka hivyo ni springi imechoka au imekatika duara la chini kabisa, huwa linakatika limejificha ndani ya kikombe mtu haoni. Sehemu iko tambarare ulipopimia? Kama ndiyo, geuza stelingi yote kulia, chukua tochi, chungulia ncha ya chini ya springi ya kushoto ukilinganisha na ya kulia. Iliyokatika ina ncha kali na kutu mpya ya rangi ya machungwa.

kijana_wa_goba

Nimechungulia. Imekatika kweli, kipande cha kama robo duara kimekaa humo ndani na kinachezacheza. Na mimi ile kelele ya kokoto kwenye tuta nilikuwa nasema ni boljointi.

dada_spana

Pole. Basi mambo ya kukata yamekwisha, huwezi kukata tatu nzima na moja iliyojikata yenyewe zikalingana. Usipite nayo mbali, ile ncha inaweza kupanda ikagusa tairi. Kwa laki nne tano yako fanya mbele kwanza: shokapu mbili mpya na springi mbili zenye namba ya SXE10, hiyo ndo kodi ya chesisi ya Altezza yako, za kushushia ukibahatika, za kawaida ukikosa. Ilala kuna wanaovunja Altezza nzima, kule springi inatoka ikiwa bado kwenye shokapu yake kwa hiyo unajua imetoka gari gani. Nyuma utamalizia ukipata hela. Ukienda Jumamosi nitumie picha za namba kabla hujalipa.