Rangi ya S 1020-G80Y au S 1020-G60Y kwa kuta za chumba cha kulala?

Kuta_Nne: Wakuu, chumba kipo Dar, mita 4 kwa 3.5, ukuta una urefu wa 2.7. Dirisha moja, linatazama kusini, nje kuna mwembe. Kwenye kadi za NCS (mfumo wa kutaja rangi kwa namba) nimebakiza hizo mbili na macho yanazichanganya. Ipi haitageuka ikipakwa? Plasta ina wiki mbili, taa ni LED nyeupe.

Rola9: Soma namba kwanza. 10 ni weusi, 20 ni ukolezi, na hapo zinalingana. Zinaachana mwishoni tu: G80Y ni kijani chenye manjano asilimia 80, G60Y ina 60. Kadi ndogo haiwezi kukuonyesha hilo.

Dirisha la kusini Dar hupata jua la moja kwa moja kuanzia Oktoba hadi Februari, miezi mingine ni mwanga wa anga tu. Na huo wako unapita kwenye majani ya mwembe, unaingia ukiwa tayari na ukijani. G60Y humo itakuwa kijani kabisa, maana kuta nne zikiangaliana rangi hukolea. Chukua G80Y.

Msasa120: Sikubaliani haraka hivyo. Kama LED ni ya 6500K, yaani mwanga mweupe wenye bluu, usiku G80Y itakuwa ndimu iliyopauka. Weka balbu ya 3000K, yenye mwanga wa manjano kidogo, ndipo uchague. Paka mbao mbili za sentimita 60 kwa 60, mikono miwili (yaani tabaka mbili), ziache siku nzima zikauke. Zisimamishe pembeni ya dirisha, kisha ukuta wa mbali, uzitazame asubuhi, saa nane mchana na usiku taa ikiwaka.

PrimaKwanza: Mnajadili rangi, plasta ina wiki mbili! Alikali yake, ule ukali wa saruji mbichi, huunguza baadhi ya rangi za manjano, zinatoka mabaka. Subiri wiki nne angalau, kisha prima (rangi ya chini inayotangulia) ya kuzuia alikali.

Manjano pia hufunika vibaya, pigia hesabu mikono mitatu. Mzunguko 15 × 2.7 ni 40.5, toa mlango na dirisha, inabaki kama 37. Kwa mita za mraba 10 kila lita, unahitaji lita 11: makopo matatu ya lita 4. Yamimine yote kwenye ndoo moja kubwa ukoroge, kwa sababu mashine ya dukani ya kuchanganya rangi ikipishana matone kati ya kopo na kopo, mpaka utauona katikati ya ukuta.

Kuta_Nne: Balbu nabadilisha. Dari ibaki nyeupe?

Rola9: Nyeupe, ila si ule weupe wenye bluu. Weupe huo ukiwa karibu na G80Y, manjano yanaruka machoni.