Ratiba yangu imesokomezwa chini ya mguu wa meza, mbele ya watu, Dunga, leo

Nyar_Kajulu

Nimefika nyumbani sasa hivi. Viatu sijavua, mkoba bado uko begani, naandika mikono inatetemeka. Jina sitaji. Hata nisipotaja mnamjua: kofia ya kijani, simu mbili mezani, kikao hakijafunguliwa kwa maombi yeye ashaagiza supu. Huyo huyo.

Kwa ambao hamkuja: leo, hapa Dunga, Kisumu, kilikuwa kikao cha mwisho kabla ya ile safari ya meli ya pwani. Ajenda moja tu. Meli ikitia nanga, sisi watu ishirini na mmoja tunashuka twende wapi, na nani, turudi saa ngapi. Kazi hiyo nilipewa mimi kwa kura, sikuiomba. Wiki sita! Nimepiga simu Shimoni mpaka mwenye mashua ananiita shemeji. Nimeulizia bei za magari Unguja kama mtu anayehamia huko na watoto. Nikachapisha kurasa sita, nakala ishirini na moja, kwa pesa yangu ya mboga, nikazipiga pini moja moja usiku, stima imepotea, tochi nimeishika kwa meno.

Sasa sikilizeni. Nimefika ukurasa wa pili, hapo pa Wasini, kile kisiwa cha karibu na Shimoni, nasoma. Meza inayumba, mguu mmoja mfupi, mnazijua zile meza za kwa samaki. Soda ya mhazini ikachuruzika kidogo. Bwana mkubwa akachukua nakala yake. Akaikunja mara moja. Mara mbili. Mara tatu. Mara nne. Polepole, kama mtu anayekunja noti ya sadaka ili majirani wasione ni ya ngapi. Akainama, akaisokomeza chini ya mguu wa meza. Akainuka, akaitikisa meza kwa viganja viwili, ikatulia. Ndipo akasema, mdomo umejaa samaki wa mbuta: "Sasa hii karatasi imepata kazi."

Mkacheka. Nawajua mliocheka.

Halafu akaongeza: "Mimi nimezaliwa hapa Dunga. Maji ni maji. Sifundishwi maji na karatasi."

Maji ni maji? Ziwa letu la Victoria halijai na kupwa. Acha mtumbwi ufukweni Dunga saa nne asubuhi, rudi saa kumi jioni, maji yako palepale. Bahari haina hiyo. Kule maji hupanda na kushuka mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, tofauti inapita mita 3. Mita tatu! Hiyo ni nyumba yangu na paa lake. Pale ulipoacha mashua inaelea unaikuta imelala ubavu kwenye mchanga kama ng'ombe mgonjwa. Siku yetu ya Wasini ni ya bamvua, maji yatakupwa karibu saa nne asubuhi. Kwa hiyo niliandika tushuke saa tatu, tutembee kwenye ile njia ya mbao ya kina mama wa Wasini, juu ya bustani ya matumbawe, mawe yakiwa wazi mpaka chini. Yeye anataka tushuke saa kumi, "jua likipoa". Saa kumi maji yamejaa! Utaangalia nini? Kofia yake?

Na Unguja anataka twende Nungwi. Nungwi ni ncha ya kaskazini ya kisiwa, karibu kilomita 60 kutoka Mji Mkongwe, kwenda tu. Meli inang'oa nanga saa kumi na moja, na mwisho wa kupanda ni saa kumi. Meli ikipanga ziara yake yenyewe na gari likachelewa, huwangoja watu wake. Ukijitafutia gari lako mwenyewe, haikungoji hata dakika moja, hata ukisimama gatini unapunga kofia ya kijani.

Kikao kilipoisha niliacha watu watoke, nikapiga magoti, nikaivuta ile karatasi. Ninayo hapa pajani. Duara la matope la mguu wa meza limekaa juu ya neno Wasini, na mafuta ya samaki yamepenya mpaka ukurasa wa sita. Mara nne alikunja. Mwanangu yuko darasa la pili, hakunji karatasi ya mtu hivyo.

Wuod_Nyakach

Nilikuwa meza ya pili, nathibitisha. Ila hakusema "imepata kazi", alisema "imepata kibarua". Pole sana dada.

Mama_Manyatta

Mimi nilicheka na nasema wazi. Dada yangu, kurasa sita? Kwa siku nne? Mahari ya binti yangu tuliipanga nyuma ya bahasha moja, na ng'ombe wote walifika.

Kondele_Moja

Soda ilikuwa inaelekea kwa simu yangu jamani. Mtu ameokoa simu, anashtakiwa.

Nyar_Kajulu

Mama Manyatta, kwa heshima, mahari haina homa ya manjano. Ukurasa wa tano wote ni huo. Tanzania inadai kadi ya chanjo kwa anayetoka Kenya, na chanjo inahesabika ikishapita siku 10. Ukichomwa leo, kesho bado hujatimiza. Leo nimeuliza nani amechanjwa, mikono saba ikainuka. Saba kati ya ishirini na mmoja! Kumi na wanne watabaki melini wanahesabu mawimbi wenzao wakitembea Mji Mkongwe. Na yeye mkono hakuinua, kwa sababu wakati huo alikuwa ameinama chini ya meza anaisokomeza ratiba yangu ikae vizuri.

Ukurasa wa nne ni mavazi. Mji Mkongwe watu wanaishi, wana misikiti yao, hatuwezi kuwapitia milangoni mabega wazi na kaptura. Hilo nalo amelipinga. Anasema amelipa.

Na mnajua aliniuliza nini kabla ya kukunja? "Mbona hujatuweka ndani ya Beit al-Ajaib?" Lile jumba la kale la Mji Mkongwe. Sehemu kubwa ya jumba lile iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Iko ukurasa wa tatu. Ukurasa ambao wakati huo ulikuwa mkononi mwake.

BintiMvita

Mimi mzaliwa wa Mombasa, nimeolewa Kisumu mwaka wa kumi na moja sasa. Nyar Kajulu anasema kweli tupu. Tena ongeza hili: maji hayajai saa ileile kila siku, huchelewa karibu dakika 50 kuliko jana yake. Saa za Wasini ukizipeleka Unguja siku mbili baadaye, zimeshapitwa. Kwetu mtoto wa mvuvi anajua hilo kabla hajajua kusoma.

Lakini na mimi nina langu, na limenikaa kooni tangu nisome ukurasa wa kwanza. Mombasa umetupa saa mbili. Saa mbili! Fort Jesus Mreno aliijenga kuanzia 1593 mpaka 1596, UNESCO wakaiweka kwenye urithi wa dunia 2011, wewe unataka watu waipite kama stejini. Na Mji wa Kale je? Viazi karai na ukwaju mtu anavila akikimbia? Unguja imepata siku nzima, kwetu saa mbili. Mimi niliumia, nikanyamaza, kwa sababu najua kukaa na watu.

Nyar_Kajulu

Dada, Mombasa tunapanda meli hapohapo. Basi la usiku kutoka Kisumu likikwama njiani, zile saa mbili ndizo zitakazotuokoa. Nilieleza hayo kwenye ukurasa wa kwanza, mwishoni.

BintiMvita

Nimesoma mwishoni. Bado ni saa mbili.

OmenaKavu

Mnashangaa nini? Huyo "nimezaliwa Dunga" mwaka jana alituchukua watu kumi na wawili kwenda kisiwa cha Ndere kuona swala. Jaketi za kuelea tano. Tano! Akasema wanaojua kuogelea wasivae, tuwaachie wengine. Akasema ana njia ya mkato tangu utotoni. Njia ya mkato ikatupeleka katikati ya gugu maji, injini ikameza majani, ikanyamaza. Tukakaa hapo saa mbili unusu tunasikiliza viboko wakikohoa. Na ziwa hili kila mtu anajua likifika alasiri upepo unaamka. Yeye alikuwa anakula karanga. Pesa yangu ya jaketi ambayo sikuivaa mpaka leo sijarudishiwa.

Ja_Seme

Samahani, ninyi ndio wale? Waliowavuta kutoka kwenye gugu maji ni vijana wa kwetu Seme. Waliacha nyavu zao, wakachoma mafuta yao lita kumi, mkashuka mkasema asante, mkaenda. Hakuna aliyelipa.

OmenaKavu

Tulichanga ndugu yangu. Kila mtu alitoa. Tukampa mtu mmoja awapelekee.

Ja_Seme

Mlimpa nani?

Wuod_Nyakach

Wueh.

Kondele_Moja

Tusimhukumu mtu hayupo.

OmenaKavu

Yupo. Naona anasoma. Simu zote mbili.

MzeeWaNakuru

Watoto wangu, mshukuru mna mtu wa kuandika. Huku Nakuru ziwa lilipanda likameza lango kuu la zamani la mbuga, kila mtu anajua lango lilihamishwa. Kiongozi wetu wa ziara akaleta basi zima la wazee wa kanisa kwenye lango lile lile la zamani. Tulikuta miti imekufa imesimama ndani ya maji. Akasema tupige picha hapo hapo, ni mbuga ile ile. Sisi wazee, miguu imevimba, tumebeba chakula cha mchana kwenye hotpoti. Kurasa sita? Mimi ningezisoma zote, tena kwa sauti.

Nyar_Kajulu

Asante sana mzee wangu. Mungu akuweke.

Sasa jamani turudi kwenye mada. Ya Ndere yana uzito, ya mafuta yana uzito, lakini mtu AMEKUNJA MARA NNE. Sitaki samahani ya pembeni, sitaki ujumbe wa simu wa "ilikuwa mzaha". Kabla hatujasafiri asimame mbele yetu, kwa mdomo uleule uliokuwa na mbuta, asome ukurasa wa pili mpaka mwisho. Wasini, maji kupwa, saa nne na dakika kumi. Asome, tukae kimya, tumsikilize.

Mama_Manyatta

Mkitaja mbuta. Kuna mwingine aliyehisi samaki wa leo hakuwa wa ziwa? Mimi nimekula ngege miaka hamsini. Yule alikuwa na ladha ya friji. Na nyama inavunjika kama andazi la juzi.

Wuod_Nyakach

Mama, na mimi nilihisi! Mifupa laini. Yule ni wa barafu, wa kutoka mbali. Tumekaa Dunga, ziwa liko mita ishirini kutoka mezani, tunakula samaki aliyepanda meli kabla yetu.

Kondele_Moja

Kwa bei ile? Hapana bana, mimi narudi kesho kuuliza.

BintiMvita

Mngekuwa Mombasa saa zaidi ya mbili mngekula changu wa kupaka, mkasahau hayo.

Mama_Manyatta

Changu ana miba midogo sana, mama. Mimi ni ngege tu. Na omena akikaushwa vizuri.

OmenaKavu

Omena wa Uyoma ndio omena. Hawa wa sokoni siku hizi nusu ni mchanga.

Nyar_Kajulu

Wanaotaka Nungwi waandike majina hapa sasa hivi, niwaondoe kwenye gari letu, kila mtu ajue atakayeachwa gatini ni nani.

Kondele_Moja

Nungwi niandike. Tuko wanne.

Nyar_Kajulu

Wanne gani??

Wuod_Nyakach

Dada usinikasirikie. Nimeona picha za ule ufuo.

Nyar_Kajulu

Wuod Nyakach. Wewe. Uliyeniambia pole.

Mama_Manyatta

Aliye na namba ya yule kijana anayeleta ngege wabichi alfajiri pale sokoni Jubilee, anitumie. Nina wageni Jumamosi.

OmenaKavu

Nakutumia mama. Mwambie akupimie ukiwa umesimama hapo, asikupimie nyuma ya meza.

Ja_Seme

Lita kumi. Bado nangoja.