Kangaja wa Kliniki

*Kikundi: Watoto wa Bibi, Kibuli*

Mama Shamim: Assalaam aleikum nyote. Tumerudi salama. Presha ya mama leo imeshuka vizuri mpaka daktari akapima mara ya pili kuhakikisha. Macho ni Alhamisi ijayo. Lakini ngojeni niwaambie mambo ya pale tulipokua tunangojea

Hadija Jinja: Waaleikum salaam dada. Alhamdulillah. Tuambie basi

Mama Shamim: Wameweka tangi la samaki, kubwa, kama linachukua nusu ya ukuta, na si samaki wa ziwa hawa wetu, ni wa bahari, maji ya chumvi kabisa. Mimi natafuta tu mahali pa kumkalisha mama, nageuka yeye hayuko, amesimama mbele ya kioo anasema kwa sauti "huyu kangaja amefikaje Kampala?" watu wote wakageuka

Juma: Banange! Kangaja kabisa?

Shamim: Ndiyo mjomba, samaki wa buluu kali na mkia wa njano. Kulikua na watoto wawili wanagonga kioo, Bibi akawaambia acheni, mnamgongea mtu nyumbani kwake usiku. Alafu akawaonyesha hapa mkia unapoanzia akasema ana kisu, baba yake alikua anakatwa vidole akimtoa kwenye wavu kule Vanga, pwani ya Kenya

Hadija Jinja: Kisu kweli au Bibi alikua anawatisha

Idi: Kweli kabisa shangazi. Kangaja kama huyo wanacho, huku kimoja na huku kimoja, kimelala kwenye mfereji wa ngozi, akipinda mkia kwa nguvu kinafunguka. Kinakata kama wembe. Mvuvi wa pwani hahitaji kitabu kujua hiyo, mimi niliisoma Makerere na Bibi aliijua kabla sijazaliwa

Juma: Swali langu ni maji. Wanayaleta kwa lori kutoka Mombasa?

Idi: Hapana baba, wanachanganya hapa hapa. Kuna chumvi maalum ya unga, ile ya jikoni haifai kwa sababu bahari ina magnesiamu na kalsiamu na vingine vingi. Unaweka kama gramu 35 kwa kila lita, kwa hiyo tangi la lita 400 linataka kilo 14. Na maji ya bomba lazima yachujwe kwanza, klorini inaua. Alafu maji yakipungua kwa joto unaongeza maji matamu tu, usiongeze ya chumvi, maana kinachopaa ni maji, chumvi inabaki ndani inazidi kukolea

Hadija Jinja: Na umeme ukipotea je, sisi huku Jinja umelala tangu asubuhi

Idi: Hapo ndio kazi. Pampu ikisimama hewa ndani ya maji inaisha kwa masaa tu, na wale bakteria wanaosafisha uchafu wa samaki nao wanakufa, wao pia wanataka hewa. Lazima wana betri. Mtu asiye na betri asithubutu

Shamim: Kuna wale samaki wadogo wa rangi ya machungwa wenye mistari myeupe, wanaingia kwenye kile kitu kama ua chenye vidole vidole na hawatoki. Nesi alisema kinachoma

Idi: Ni anemoni, ni mnyama si ua. Inachoma kweli, samaki mwingine akigusa anakufa analiwa, lakini hao wana ute mwilini unaoifanya isiwachome. Na Shamim sikia hii, wote wanazaliwa madume. Mkubwa kuliko wote kwenye kundi ndiye anakua jike, akifa huyo jike basi mumewe anageuka jike na dume mdogo anayefuata anapanda kuwa mume

Hadija Jinja: Subhanallah. Mungu ana kazi zake

Juma: Mimi nimependa mama amefurahi lakini roho yangu nyingine inauliza, kwa nini mtu amtoe kiumbe baharini amfungie kilomita elfu na zaidi kutoka pwani. Si angemwacha

Idi: Ni swali zuri baba na mimi nalo linanisumbua. Hao wa machungwa wengi siku hizi wanazalishwa kwenye matangi, hawatoki baharini. Lakini kangaja wa buluu ni vigumu sana, chuo kikuu cha Florida walifanikiwa kumlea tangu yai mwaka 2016, bado wengi wanaouzwa wamevuliwa. Na kuna nchi kama Ufilipino na Indonesia watu wamekua wanapuliza sumu ya sianidi kwenye matumbawe ili samaki wazimie wakamatwe kirahisi, matumbawe yanakufa. Kwa hiyo anayenunua aulize ametoka wapi na amevuliwaje

Mama Shamim: Mama anasikiliza namsomea. Anasema kwao wavuvi hawakua wanawagusa hawa wadogo wa rangi, hawajazi sufuria. Na anauliza matumbawe ya Shimoni bado yako vile

Idi: Mwambie mwaka 1998 bahari ilipata joto kali la El Niño, matumbawe mengi ya pwani ya Kenya yakageuka meupe yakafa. Mengine yamerudi polepole, yakiwemo ya hifadhi ya Kisite pale Shimoni kwenyewe. Lakini vile alivyoyaona yeye akiwa msichana sisi hatujayaona

Mama Shamim: Amenyamaza kidogo. Alafu amesema Shamim amrekodi, ana neno

Shamim: Voisi yake imekataa kwenda, mtandao, naandika kama alivyosema: "Yule kangaja haoni raha. Nimemtazama muda wote mnaniita niende ndani. Anajisugua kwenye jiwe, ubavu huu, kisha ubavu huu, na mashavu yanapumua mbio. Samaki mzima hajikuni. Mwambieni mwenye tangi, msinyamaze."

Idi: Ngoja. Shamim ulipiga video?

Shamim: Nilipiga, naituma

Idi: Bibi ana macho kuliko sisi wote na ndio hayo mnayapeleka kutibiwa. Angalieni kwenye pezi la juu, kuna vidoti vyeupe kama chembe za chumvi. Ni mdudu, anaitwa kriptokarioni, kangaja ndiye anayempata haraka kuliko wengine. Anakaa kwenye ngozi siku chache, anadondoka chini kwenye mawe anajifunga kama yai, alafu wanatoka wadogo wengi sana wanatafuta samaki. Kwa hiyo vidoti vinapotea mtu anadhani amepona, kumbe wanarudi kwa wingi. Shangazi tafadhali wapigie sasa hivi, wakichelewa watapoteza wote

Mama Shamim: Napiga

Hadija Jinja: Bambi kangaja wa watu 😢 Ya Rabbi ampe afya

Mama Shamim: Nimeongea na dada wa mapokezi, amempa simu kijana anayetunza tangi. Kijana anakuja jioni hii. Aliuliza nani aliona, nikamwambia mama yangu, akasema mwambie bibi ahsante sana. Anataka kujua atie dawa gani

Idi: Mwambie asitie dawa yoyote ndani ya tangi kubwa! Dawa ya kawaida ni ya shaba, na shaba inaua wale kamba, na ile anemoni, na kile kiti cha pweza niliona pembeni. Awatoe samaki WOTE hata wanaoonekana wazima, awaweke tangi la pembeni lisilo na mawe, hapo ndio awatibu na apime shaba kila siku. Tangi kubwa libaki bila samaki wiki sita au zaidi, wale wadudu wakikosa samaki wa kumpanda wanakufa wenyewe

Juma: Wiki sita na wagonjwa wanatazama tangi halina samaki

Idi: Kamba wanabaki baba, na anemoni. Waandike karatasi kwenye kioo kwamba samaki wako matibabu, watu wataelewa, si wako hospitali

Hadija Jinja: Idi, na ile presha ya Bibi, ni samaki kweli au dawa?

Idi: Dawa inafanya kazi yake shangazi, asiache kidonge hata kimoja. Ila mwaka 2015 huko Plymouth Uingereza watu walipimwa wakitazama tangi kubwa, mapigo ya moyo na presha vilishuka, na samaki walivyoongezwa watu wakataka kutazama zaidi. Mimi naamini Bibi kukaa pale ametulia kumesaidia. Miezi yote hiyo alikua anafika kliniki tayari amekasirika

Mama Shamim: Hiyo ni kweli. Leo tulipomaliza mimi ndio nilikua namvuta tuondoke

Mama Shamim: Kijana amepiga, ameshafika, ameona vidoti kwa tochi, na mmoja wa machungwa pia anavyo. Anawahamisha chumba cha nyuma usiku huu. Mama anauliza Alhamisi ataruhusiwa kuingia huko nyuma kumuona. Nimemuuliza kijana, amekubali

Juma: Mimi nitawapeleka. Hadija nawe njoo Jumatano ulale hapa

Idi: Jambo moja. Alhamisi watamtia dawa ya macho ya kupanua mboni, baada ya hapo ataona ukungu masaa kadhaa. Samaki iwe kwanza, macho baadaye

Mama Shamim: Kale, sawa. Basi Juma utuchukue saa kumi na mbili na nusu kabla ya jam, tufike saa mbili wakifungua. Nimemwambia mama, ameshaanza kutafuta miwani yake ya mbali