Mjadala: Anayeuza gari la spoti lililobadilishwa aseme yote, au mnunuzi ajitafutie?

Ndugu zangu wa Lubumbashi, juzi tulibishana kwa fundi kule Katuba mpaka giza likaingia. Yaya mmoja, yaani kaka mkubwa wetu, anauza Toyota Mark II Tourer V aliyoiagiza Japani. Amefunga turbo, kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini, kubwa kuliko ya kiwandani na kubadilisha programu ya kompyuta ya injini. Anasema: "Kila mtu ana macho. Mnunuzi alete fundi wake." Wengi wakamuunga mkono. Mimi nakataa.

Nilishauziwa gari kama hilo na mtu aliyeapa kwamba halijaguswa. Karte roze, hati ya usajili wa gari, ilikuwa safi, namba ya chasi inalingana, tukapeana mikono. Kwenye nguzo ya kando ya kioo cha mbele niliona matundu mawili ya skrubu yaliyozibwa kwa gundi nyeusi. Sikuuliza. Kumbe hapo ndipo ilipokuwa saa ya presha ya turbo, naye aliing'oa kabla ya kunionyesha gari. Nikiwa njia ya Likasi, na watoto nyuma, injini ikachemka. Fundi alipofungua kifuniko cha oili, ndani mlikuwa na rangi ya chai ya maziwa: maji yameingia. Akalala chini ya gari, akaniita nitazame springi. Zilikatwa kwa diski ya kukatia chuma ili gari likae chini, na ncha zake bado zilikuwa na buluu ya moto.

Nilikosea kutouliza, ndiyo. Lakini programu ya kompyuta utaiona kwa macho gani?

Injini hiyo, 1JZ-GTE ya lita 2.5 na silinda sita, kiwanda kiliitangaza kuwa na nguvu farasi 280, na kiliitengenezea petroli ya Japani wanayoiita haioku, oktani 96 kwenda juu, yaani petroli ngumu kujiwasha yenyewe ikibanwa. Ukiongeza presha ya turbo kisha ukamwaga petroli dhaifu, mchanganyiko unawaka kabla ya wakati wake. Utasikia mlio kama punje za mahindi ndani ya kopo. Hizo ni pistoni zinaumia. Mnunuzi ambaye hakuambiwa ataongeza sauti ya muziki, aendelee na safari.

Wengine wanasema ukitaja yote bei inaanguka. Basi ianguke! Ukimpa mtu risiti za kazi na vipuri vya asili kwenye sanduku, hata bei atakuheshimu nayo. Na sheria yetu ya mikataba, dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, inamtaka muuzaji adhamini kasoro zilizofichika. Kuandika kwamba hudhamini kasoro kunamfaa muuzaji asiyezijua. Yaya wetu anajua, turbo aliifunga mwenyewe.

Nataka kuwasikia hasa mliowahi kuuza: kwenye karatasi ya mauziano mliandika nini kuhusu turbo na springi? Na aliyeficha, gari likamrudia mlangoni, alimjibu nini mnunuzi?