Naomba ushauri: maji ya kisima yamechafuka tangu mvua zianze

Habarini wanajamvi. Tumehamia kijijini hivi karibuni kujifunza kilimo, na tuna mtoto mdogo. Maji tunachota kwenye kisima kifupi kisicho na mfuniko, ambacho kijiji kizima kinakitegemea. Kiangazi yalikuwa meupe. Sasa yana rangi ya udongo, na ndoo ikilala usiku kucha asubuhi unakuta tope chini. Tunachuja kwa kitambaa kisha tunachemsha, ila kuni zimelowa, moshi mtupu. Klorini najua hupungua nguvu kwenye maji yenye tope.

Je, tukiyaacha yatulie kwanza ndipo tuyachuje, klorini itatosha bila kuchemsha? Na habari ya kukijengea kisima ukingo na kukifunika, wageni kama sisi tuanzie kwa nani bila kuonekana tunawafundisha wenyeji?